Pasi ya treni Ulaya au tiketi moja moja? Jibu kwa mama wa watoto watatu

"Habari mtaalamu. Mimi na mume wangu tunaishi Dar, Mungu akipenda Julai tunaenda Ulaya na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 14, wa pili 11 (anatimiza 12 tarehe 18 tukiwa hukohuko), wa mwisho 6. Tunashukia Amsterdam, tunaenda Köln kwa wifi yangu siku nne, halafu Paris, Uswisi siku tatu, Milano, Venezia, ndege ya kurudi tunapandia Roma. Jumla siku 17. Wifi anasema nisihangaike, ninunue Interrail, watu wote tutapanda treni yoyote muda wowote na watoto ni bure, na yeye atatusindikiza mpaka Paris. Mume wangu ameona mtandaoni tiketi za euro 20 anasema pasi ni wizi mtupu. Viza bado hatujaomba. Juzi tumebishana mpaka chakula kimepoa. Nani yuko sahihi?"

Dada yangu, pole na chakula. Wifi yako na mume wako wote wako sahihi nusu nusu, ndo maana ubishi hauishi, kila mmoja ana ushahidi wake mkononi. Wifi amepanda treni za Ujerumani miaka yote na kule mambo ni kama anavyosema. Mume wako ameona tiketi ya euro 20 na kweli ipo, ila ipo kwa atakayeiwahi. Swali lako wewe ni la watu watano, njia hiyo hiyo uliyoandika, mwezi wa likizo, na viza ambayo haijagongwa. Hapo hesabu inabadilika.

Tuanze na jina maana hapa wifi amekupoteza kidogo. Interrail ni ya watu wanaoishi Ulaya, nyie mnaotoka Dar yenu inaitwa Eurail. Ni kitu kilekile kwa sehemu kubwa, nchi 33, bei zinafanana, tofauti ni unakoishi, siyo rangi ya pasipoti. Kwa hiyo wifi hata kama bado anatumia pasipoti ya Tanzania, akiwa mkazi halali wa Ujerumani yeye ni Interrail, nyie ni Eurail. Historia yake ni kwamba Eurail ilianza 1959 kwa ajili ya wageni kutoka nje, Interrail ikaja 1972 kwa vijana wa Ulaya wenyewe, majina yakabaki mawili mpaka leo. Na wifi ajue kwamba Interrail ndani ya nchi anayoishi inamruhusu safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu, asije akadhani atazunguka nayo Ujerumani nzima. Kwa kuwasindikiza Paris tu na kurudi wala asinunue pasi, akate tiketi ya kawaida.

Sasa hii pasi yenyewe (siyo ya kunyooshea nguo, wateja wangu wananitania kila siku) inafanyaje kazi. Watu wengi wanadhani ukinunua pasi umelipia siku zote utakazokuwa Ulaya. Zipo za hivyo, za siku mfululizo, ila nyingi zinazouzwa ni za kuhesabu siku, mfano siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja. Siku unayopanda treni ndo inakatwa, siku unayotembea mjini haikatwi. Siku moja inaanza saa sita usiku inaisha saa sita usiku inayofuata, ndani yake panda treni mbili, panda kumi, ni siku ileile moja. Metro ya Paris haimo, mabasi ya mjini hayamo, tramu hazimo, hayo unalipa pembeni kama kila mtu.

Hebu tuhesabu zako. Amsterdam kwenda Köln moja, Köln Paris mbili, Paris Zürich tatu, Zürich Milano nne, Milano Venezia tano, Venezia Roma sita. Safari ya siku 17 lakini treni ndefu ni siku sita tu! Hapa ndipo watu wanapopigwa, wanaona "mwezi mzima Ulaya" wanachukua pasi ya siku 15, halafu zaidi ya nusu wanarudi nazo nyumbani. Kwako wewe pasi ya kuifikiria ni ya siku 7, ile moja ya ziada unaitumia kuzunguka Uswisi.

Halafu kuna suala ambalo wifi hakukwambia, nadhani kwa sababu Ujerumani halimsumbui. Kuna nchi ambazo treni unapanda tu, na kuna nchi ambazo treni za kasi lazima uwe na siti iliyoandikwa, hata kama una pasi. Sisi wa SGR tumeshazoea, tiketi yako ina behewa na namba ya siti, basi. Ulaya siyo hivyo kote. Ujerumani, Uswisi, Austria, Uholanzi, Ubelgiji, treni nyingi za ndani unaingia na tiketi au pasi yako unakaa popote penye nafasi, siti ukitaka unaongezea euro chache kwa hiari. Lakini Ufaransa kwenye TGV, Italia kwenye Frecciarossa, Hispania kwenye AVE, na Eurostar zote, bila siti hupandi. Mwenye pasi naye analipia hiyo siti, kila mtu, kila treni, na watoto wenye pasi ya bure nao wanalipiwa. Kwa njia yako, Köln Paris ni Eurostar (zamani ile nyekundu ikiitwa Thalys), Paris Zürich ni TGV Lyria, Zürich Milano inapovuka mpaka siti inahitajika, na Italia zote mbili ni Frecciarossa. Yaani kati ya safari zako sita, tano zina malipo ya juu ya pasi. Ungekuwa umepanga Ujerumani, Uswisi na Austria tu ningekwambia nunua pasi tusiendelee kuongea.

Na kuna baya zaidi ya malipo. Kampuni za treni zinatenga idadi ndogo tu ya siti kwa watu wa pasi kwenye hizi za kasi, kwa sababu pasi haiwaingizii kama tiketi ya mteja wa kawaida, sasa Julai zile siti zinakwisha mapema hata kama treni yenyewe bado ina nafasi. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilikwama na familia ya wateja kwenye kituo kimoja Paris, pasi tunazo, treni ipo pale inaonekana, siti zinauzwa kwenye mashine kwa bei kamili, ila za pasi zimekwisha tangu wiki iliyopita. Tuliishia kuzunguka na treni za mikoani, tukafika usiku, mtoto mmoja ametapika mara mbili, na baba wa familia hakuniongelesha mpaka kesho yake mchana. Kwa hiyo ule uhuru wa kupanda treni yoyote muda wowote upo, ila kwenye njia yako hautaupata pale unapouhitaji.

Watoto sasa, maana hapa ndo pana utamu. Eurail inachukua watoto wa miaka 4 mpaka 11 bure, wawili kwa kila mtu mzima, ila lazima uwaongeze kwenye oda wapewe pasi zao, usije ukaenda mikono mitupu ukasema si ni bure. Chini ya miaka 4 hahitaji pasi kabisa. Kuanzia 12 mpaka 27 ni kijana, analipa kwa punguzo la mpaka robo. Huyo wa 11 usiwe na wasiwasi naye, wanaangalia umri wa siku ya kwanza ya pasi, ikianza kabla ya tarehe 18 yeye ni mtoto mpaka pasi inaisha, hata akikata keki yake Venezia. Kwenye tiketi moja moja lakini inaangaliwa siku ya safari, kwa hiyo tiketi ya baada ya birthday yake unaandika 12, usidanganye, wakaguzi wanaomba pasipoti.

Wa miaka 14 ndo anapindua meza. Kwa Eurail huyo ni kijana analipa. Kwa reli ya Ujerumani, Deutsche Bahn, mtoto wa 6 mpaka 14 anayesafiri na mzazi wake ni bure kwa tiketi ya mzazi, mradi umeandika idadi ya watoto wakati wa kukata. Uswisi wanaenda mpaka kabla hajatimiza 16, wanaposafiri na mzazi mwenye Swiss Travel Pass (pasi ya Uswisi peke yake) wanapewa kadi ya familia bure kabisa. Italia, kampuni ya reli ya Trenitalia wana ofa ya familia, aliye chini ya miaka 15 anaenda bure mzazi akilipa bei ya msingi, siti za ofa zina kikomo. Kwa hiyo watoto wako watatu, kwa kukata tiketi moja moja, kuna sehemu wote watatu ni bure, wakati pasi inawapa bure wawili tu. Hilo mume wako hakulijua na linamsaidia, mwambie.

Namba basi, na hizi ni makadirio, bei zinapanda na kushuka, hakiki mwenyewe siku ya kukata. Pasi ya siku 7 daraja la pili mtu mzima ni karibu euro 380, kijana karibu 285. Nyie wawili na huyo wa 14 inakuja 1,045 hivi. Weka siti: Eurostar kama 30 kwa mtu, Lyria kama 25, Zürich Milano kumi na kitu, Italia kama 13 kila mara, zidisha watu watano, unaongeza kama 450 mpaka 500. Tuseme 1,500. Sasa tiketi moja moja kwa anayekata miezi mitatu au minne kabla: Amsterdam Köln kama 60 kwa familia nzima maana watoto ni bure, Köln Paris kama 200, Paris Zürich kama 200, Zürich Milano 130 hivi, Milano Venezia 90, Venezia Roma 150. Unapata 830, ukikosea sana 950. Mume wako ameshinda.

Ila mwambie asishangilie bado. Bei za treni za kasi zinaenda kama za ndege, zile siti za bei ya chini ni chache, zikiisha inapanda ngazi, na wiki ya mwisho kabla ya safari hiyohiyo Köln Paris inaweza kuwa zaidi ya 100 kwa kichwa kimoja. Ukikata zote wiki mbili kabla, ile 830 inaweza ikapita hata 1,800, hapo wifi anacheka. Uholanzi na Uswisi ni tofauti, huko bei ya kawaida inafuata umbali, kesho ni ileile ya leo, ndo maana kutoka uwanja wa Schiphol kwenda Amsterdam mjini usihangaike kukata mapema, wazazi mnagusisha kadi ya benki getini mnaingia (kila mtu na kadi yake, kadi moja haiingizi wawili), na watoto wa 4 mpaka 11 wana tiketi yao ya euro 2.50.

Kinachonipa shida kwenye swali lako kwa kweli ni viza kuliko hata treni. Tiketi za bei ya chini kabisa hazirudishwi hela. Ukizikata leo halafu viza ikakataliwa, au ikatoka ya tarehe zingine, imekula kwako. Pasi ya Eurail ambayo hujaiamsha unaweza kuirudisha, wanakata asilimia 15, ila ile ya promosheni mara nyingi hairudi, soma kabla ya kubonyeza. Viza ya Schengen (moja inayokuingiza nchi zote hizo za safari yako) inaruhusu kuomba mpaka miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo ushauri wangu ni omba viza mapema kadri inavyowezekana, yaani Januari au Februari uwe na miadi, ubalozini upeleke mpango wa safari na buking za hoteli zinazoweza kufutwa, viza ikishatoka tu siku hiyohiyo kaa chini kata tiketi zote tatu ghali: Eurostar, Lyria na Zürich Milano. Italia zinaweza kusubiri kidogo kwa sababu kule kuna ushindani, Italo na Trenitalia wanagombania abiria, bei haziumi sana. (Italo haikubali pasi, hilo nalo jua.) Ada ya viza tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa kuanzia miaka 12, na 45 kwa wa 6 mpaka 11, kwenu jumla 360, na huyo wa pili ukimwombea kabla hajatimiza 12 anaingia kwenye 45.

Mnaomba ubalozi gani? Nchi utakayokaa usiku mwingi zaidi, na hesabu kwa nchi siyo kwa mji, watu wanakosea hapa. Unaona Köln siku nne unasema Ujerumani, kumbe Milano, Venezia na Roma zote ni Italia, ukizijumlisha zinaweza kuipita. Andika usiku wako kwenye karatasi, na kama zinalingana au huelewi nenda kaulize ubalozini au kituo cha viza ana kwa ana, hilo usiliamue kwa ushauri wangu wala wa mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Vilevile kama katika hao watoto yupo ambaye mzazi mmoja wa kwenye cheti cha kuzaliwa hasafiri, barua ya ridhaa itahitajika, kawaone wanasheria mapema. Na mkisafiri na mzee au mtu asiyeweza kupanda ngazi, msaada wa kituoni ni bure kisheria ila lazima muombe angalau saa 24 kabla.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Eurail naiacha. Amsterdam Köln nakata Deutsche Bahn na watoto watatu nawaandika kwenye tiketi, na siti naongezea, Julai na mabegi matano sitaki kusimama koridoni. Eurostar, Lyria na Zürich Milano nakata siku viza inatoka. Uswisi nakaa na kalamu: Swiss Travel Pass ya siku tatu mfululizo ni kama faranga 250 kwa mtu mzima, ghali, ila watoto wote watatu bure, treni, mabasi, meli za ziwani na makumbusho zaidi ya 500 vimo. Kama mtakuwa mnazunguka kila siku inalipa. Kama mtakaa Zürich mpumzike na siku moja tu mtaenda Luzern, haifai, kata ya siku hiyo. Na mkitaka Jungfraujoch kule kwenye barafu, hata hiyo pasi inakupa punguzo tu, bei ya mlima ni ya mlima, ongeeni na mume wako kabla watoto hawajaona picha.

Kuna hali moja ambayo ningebadilisha mawazo, nayo ni viza ikichelewa mpaka imebaki wiki mbili. Hapo usikate chochote kwa hasira, fungua kwanza bei za siku hiyo uziweke pembeni ya ile 1,500. Kama tiketi zimeshapita hapo, na ukaangalia siti za pasi za Köln Paris na Paris Zürich ukakuta bado zipo tano tano, nunua Eurail siku hiyo, yaani hakikisha kwanza siti zipo, ndo ulipie pasi. Siti za pasi za Paris Zürich zikiwa zimekwisha kuna njia ya kutoka Köln kupitia Ujerumani na kuingia Uswisi kwa Basel, ila hapo umeiruka Paris, na najua nani nyumbani kwako hatakubali.

Mambo madogo ya njiani. Tiketi za bei ya chini za Ujerumani zinakufunga na treni moja, ukiikosa kwa uzembe imeisha, ila wao wakichelewa dakika 20 au zaidi kufika unakoenda unaruhusiwa kupanda nyingine. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya treni ikichelewa saa moja unadai robo ya nauli, saa mbili nusu, tunzeni tiketi. Tiketi tofauti za kampuni tofauti hazilindani, kwa hiyo usipange kushuka treni moja na kupanda nyingine ghali ndani ya dakika 20, bahati nzuri nyie mnalala kila mji. Italia migomo ipo na inatangazwa siku kadhaa kabla, angalieni. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani Italia gongeni kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, faini yake haina mswalie mtume. Na kadi za benki za kwetu wakati mwingine zinakataa kwenye tovuti za Ulaya, piga benki wakufungulie malipo ya nje na uhakikishe ile namba ya siri ya meseji inafika, jaribu na kitu kidogo kwanza, isiwe ndo unagundua saa bei inapanda.

Wifi mpe salamu, mwambie akitaka kuwasindikiza Paris akate siti yake siku mnayokata nyie na treni ileile, vinginevyo yeye atafika saa nne asubuhi nyie jioni.